Kikombe Kizima cha Bibi Onja

Kwanza ujue sheria, maana bila sheria humwelewi mwanamke huyu hata ukae naye mwaka mzima. Sheria yenyewe ni fupi: chochote kinachoingia kinywani mwa mtoto mchanga, aliyekileta akionje kwanza. Na kuonja si kuchovya kidole ukalamba. Kuonja ni kikombe kizima. Ukileta bakuli, unakula bakuli. Ukileta chupa, unamaliza chupa. Ikiwa wewe mwenye meno thelathini na mawili na tumbo la kubebea magunia kimekushinda, yule mwenye meno manne atakiwezaje?

Ndiyo maana watoto, wazazi, hata muuza mkaa anayepita getini, wote wanamwita Bibi Onja. Jina lake la kuzaliwa limo kwenye kitambulisho, na kitambulisho kimo ndani ya kopo la majani ya chai kabatini kwake, na huko ndiko vyote viwili vinakokaa.

Kituo cha kulelea watoto anachopikia kiko nyuma ya karakana za washonaji. Ni nyumba ndefu ya vyumba vinne, imepakwa rangi ya kijani kuanzia chini hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, maana juu ya hapo mikono ya kuchafua haifiki. Watoto arubaini na mmoja, mdogo kabisa ana miezi saba, mkubwa kabisa ana miaka mitatu na anajiona mzee. Mama zao wako upande wa pili wa ukuta, miguu juu ya cherehani. Jiko ni chumba cha mwisho, lina dirisha lenye ubao unaokunjwa, na ubao huo ndio mahakama ya Bibi Onja. Ndani mna masufuria matano, jiko la gesi la plati mbili, moja ina kiburi cha kuzimika ovyo, na mwiko uliolika upande mmoja tu, kwa sababu mwenyewe hukoroga kwa mkono wa kulia na kwa hasira.

Alfajiri anapepeta ulezi mwenyewe. Maharage yaliyolowekwa tangu jana anayamenya ganda, moja moja, kwa ajili ya wale wa miezi tisa ambao matumbo yao bado yanabahatisha. Viazi anaviponda kwa uma, kwa wakubwa anaacha vidonge, kwa wadogo anachuja mara mbili. Yai analikata vipande vya kushikika kwa vidole viwili. Ukimwuliza kwa nini asiviponde vyote pamoja akamaliza kazi, atakutazama juu mpaka chini, kisha atakwambia, "Na wewe nikusagie chakula chako chote kwenye bakuli moja, utakula?"

Kuna siku iliyozungumzwa sana karakana nzima. Baba mmoja, dereva wa lori, mtu wa miraba minne, alileta mtoto wake na chupa ya kunyonyea imejaa kinywaji chekundu kama taa ya kusimamisha magari.

"Ni juisi tu, bibi," akasema.

"Basi kunywa tu, baba."

"Nina glasi wapi?"

"Mtoto ana glasi?"

Jamani! Foleni ya akina mama ilikuwa imefika getini. Dereva akatazama huku, akatazama kule, hakuona pa kutorokea. Akanyonya. Mtu mzima, ndevu zote hizo, akanyonya chupa nzima kwa ile chuchu ya plastiki, robo saa, jasho likimtoka, na mwisho kwikwi ikamshika. Siku hiyo cherehani zilichelewa kuanza kwa vicheko. Lakini mjue, dereva huyo tangu siku ile analeta maji yaliyochemshwa, na mtu akimsema vibaya Bibi Onja mbele yake, ajipange.

Usidhani ni ukali mtupu. Anawajua mmoja mmoja. Anajua nani hali mpaka aimbiwe, na nani lazima ashike kijiko chake mwenyewe hata kama kinaishia sikioni. Mtoto akikataa maboga leo, hagombani naye, hamzibi pua, hamwambii polisi anakuja. Kesho anampa maboga tena, kijiko kimoja, na keshokutwa tena. "Mpaka mara ya kumi," huwaambia walezi wapya. "Ulimi mpya una haya kama mgeni. Mgeni hakabwi aingie, hukaribishwa tena." Na kweli, mara ya sita, ya nane, unamwona mtoto anafungua mdomo kama hakuwahi kukataa.

Sasa, mtu akiwa mkali hivyo juu ya jambo moja, jua pana kidonda. Na kidonda cha Bibi Onja hakuna aliyekijua.

Kabla ya kuja kituoni alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha biskuti, katika chumba walichokiita chumba cha ladha. Kazi yake ilikuwa kupima. Kijiko kimoja cha maji ya njano kwenye pipa, na pipa zima la unga likanuka ndizi. Kijiko cha maji mekundu, likanuka stroberi, tunda ambalo yeye hajaliona kwa macho hadi leo. Miaka tisa yote hakuona ndizi hata moja ikipita getini, isipokuwa ile ya mlinzi, ya chakula chake cha mchana. Jioni alirudi na vidole vya rangi ya machungwa, visivyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga.

Ijumaa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua biskuti zilizovunjika. Waliziita vunja. Na yeye nyumbani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miezi minane, hana baba, hana bibi, analelewa na jirani mwenye watoto sita wake mwenyewe. Basi akaloweka vunja kwenye maji ya moto, akakoroga, akaonja. Zilikuwa tamu. Akampa mtoto. Mtoto akala, akanyamaza, akanenepa mashavu, majirani wakasifu, "Mwenzetu unajua kulea!" Kiu ikimshika mtoto, alipewa maji mekundu yenye sukari kwenye chupa, akalala nayo mdomoni. Alikuwa mama wa miaka ishirini, amechoka, na mtoto hasumbui. Nani angemwambia kitu?

Mtoto alipotimiza miaka miwili, meno ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia. Miaka mitatu, yakawa visiki. Ya ukubwani nayo yakaota, yakakuta mdomo umeshazoea sukari na hautaki kingine, yakafuata njia ya wenzao. Daktari wa meno alimwambia mama ukweli bila kuuzungusha. Siku hiyohiyo akaacha kazi kiwandani, hata barua hakuandika.

Lakini jirani alipouliza, akajibu, "Alianguka kwenye ngazi alipokuwa mdogo, fizi zikaumia." Mwalimu alipouliza, ngazi. Na binti mwenyewe alipofikia umri wa kuuliza, akaambiwa ngazi, ile ya tatu kutoka chini, mbele ya nyumba yao. Uongo ukirudiwa miaka ishirini na kitu unaota mizizi. Binti alikua akiichukia ngazi ile. Mpaka leo anashuka kiubavuubavu, mkono mmoja ukutani. Na mkono wa pili unakaa mdomoni anapocheka, anapoongea na mgeni, hata anapopiga miayo peke yake. Ni fundi cherehani hodari karakana nzima, na wanamwita Fundi Kimya.

Fundi Kimya naye akazaa, mtoto wa kiume. Bibi Onja akawa bibi kweli, si wa jina tu, na mjukuu akaingia kituoni kama watoto wengine, akawekwa kwenye foleni kama wengine.

Jumatatu moja mjukuu, miezi kumi na minne, alitema uji. Kutema si habari, watoto hutema. Lakini huyu alitema, akakitazama kijiko, akamtazama bibi yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano alifumba mdomo kabisa, akageuka ukutani. Bibi Onja akainama, akamnusa mdomo. Ndizi. Lakini haikuwa ndizi ya kumenywa. Ilikuwa ile ndizi ya kijiko. Robo karne nzima harufu ile haikupita puani kwake, na pua haikusahau.

Jioni, nyumbani, akazikuta nyuma ya debe la unga: pakiti sita, zina picha ya mtoto anayecheka.

"Mwanangu, hivi nini?"

"Uji wa mtoto, mama. Unakoroga na maji ya moto, basi."

"Basi?"

"Basi. Anakula dakika tano, analala." Fundi Kimya alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, hata viatu hajavua. "Mama, kutwa nzima nimeinama kwenye cherehani, mgongo huu si wangu. Nirudi hapa nianze kuponda viazi, nimbembeleze mtu anayetema? Wewe ndiyo kazi yako kubembeleza."

"Una sukari huu, mwanangu. Una rangi."

"Una vitamini. Imeandikwa. Kwani wewe ulinilea na nini? Si ulikuwa kazini kutwa vilevile? Nikakua. Toa ile ngazi, mimi nina kasoro gani?"

Akasema hayo mkono uko mdomoni.

Ule ulimi wa Bibi Onja unaonyonyesha madereva wa malori chupa mbele za watu ulilala kama umepigwa sindano. Aliingia chumbani, akaketi kitandani. Watu husema majuto ni mjukuu. Wa kwake alikuwa sebuleni, anatambaa, ananuka ndizi.

Alhamisi, kama vile shetani kapanga ratiba, akaja kituoni kijana mmoja nadhifu, tai nyekundu, mkoba mweusi, na mkobani pakiti zilezile. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kijana huyu alikuwa na miguu mizuri ya kutembeza. Bwana Tai, tumwite hivyo, alizungumza na mkuu wa kituo, ambaye wote humwita Madamu. Kampuni yake italeta uji wa pakiti kwa watoto wote. Itapaka rangi vyumba. Italeta magodoro mapya na mtungi mkubwa wa kuchemshia maji. Jiko halitahitajika tena, kwa hiyo chumba kile kitakuwa cha kulala wachanga.

Madamu si mtu mbaya, tusimwonee. Ni mwanamke mwenye moyo mzuri na kichwa kinachouma. Alimwita Bibi Onja, akamwambia polepole, "Bibi, wachanga wanalala koridoni. Mvua ikinyesha upepo unawapiga. Jumamosi nitawaita wazazi, wanyooshe mikono. Wakikubali, jiko linafungwa. Wewe... tutakutafutia la kufanya."

"La kuchemsha maji?"

Madamu akatazama viatu vyake.

"Sawa," akasema Bibi Onja. "Lakini sheria ni sheria. Bwana mdogo, kikombe kizima."

Walezi wakakusanyika dirishani wakikonyezana, maana walijua sinema imeanza. Bwana Tai akapokea kikombe kikubwa cha bati, kimejaa uji wa njano unaonata. Akaegemea ubao. Akanywa. Akanywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo kwa kitambaa, akasema, "Mtamu, mama! Naweza kuongezwa?"

Ebo! Walezi wakaomba nao waonje. Wakaonja, wakatazamana, wakaongeza. Mmoja akalamba kikombe. Bibi Onja naye akajimiminia, akanywa chote, amesimama wima, na uji ulikuwa mtamu. Mtamu kwelikweli, mtamu wa kukufanya utafute kikombe kingine kabla hujamaliza hiki. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu. Maana alikumbuka kwamba hata zile vunja alizionja kwanza. Sheria yake ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe ni kwamba ulimi wa mtu mzima umeshapotea zamani. Huwezi kuufanya shahidi.

Siku mbili akapika kimya. Alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia wazazi lenye uzito wa kweli, na jambo hilo asingeweza kulisema bila kumvua nguo binti yake pamoja na yeye mwenyewe. Akisema, anampoteza binti. Asiposema, mjukuu na wenzake arubaini wanakwenda njia ileile, na yeye ndiye aliyeijua, akanyamaza.

Jumamosi chumba kikubwa kilijaa. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Fundi Kimya alikaa nyuma, karibu na mlango, mtoto mapajani. Bwana Tai alizungumza vizuri, hakutukana mtu. Mama mmoja akaunga mkono. "Sisi hatuna muda," akasema, "na wanangu nyumbani hawataki kingine." Vichwa vikatikisika, ee, ee. Madamu akasema, "Bibi Onja, una neno?"

Akasimama na pakiti mkononi, akaisogeza mbali na macho, kwa kuwa miwani aliisahau juu ya debe.

"Nisomeeni hapa, maandishi makubwa."

"Uji wenye ladha ya ndizi na maziwa," akasoma dereva wa lori kwa sauti ya honi.

"Ladha ya ndizi. Haya, na ndizi yenyewe iko ukurasa gani?" Akageuza pakiti, akatafuta nyuma, akatafuta ubavuni, akaitikisa sikioni. "Wazazi wenzangu, mimi nimefanya kazi chumba cha ladha. Ladha ya kitu si kitu. Ukimwona barabarani mtu mwenye sura ya baba yako, si baba yako. Kamwombe karo uone."

Chumba kikaangua kicheko. Watu walipiga mapaja, viti vidogo vikalia. Hata Madamu alicheka. Na kule nyuma Fundi Kimya alicheka, mabega yanatikisika, mkono umefunika mdomo.

Bibi Onja akauona mkono ule. Angeweza kuketi hapo, na chumba kilikuwa nusu chake. Lakini Bwana Tai hakuwa mjinga.

"Mama yetu anachekesha," akasema, na yeye anatabasamu. "Lakini siku ile alionja mwenyewe, akamaliza kikombe. Unga wa ulezi pia unatoka mashineni, maziwa pia yanatoka kwenye pakiti. Je, kuna mtoto hata mmoja, mmoja tu, anayemjua yeye, aliyedhurika kwa vitu hivi? Atutajie."

Viti viliacha kulia.

"Yupo," akasema Bibi Onja.

Sauti yake haikuwa ile ya dirishani. Walio nyuma walilazimika kuinama mbele.

"Mimi sigombani na mashine. Unga sisagi kwa meno, na maziwa ya unga nayapikia. Nagombana na sukari na rangi kwenye mdomo ambao haujafundishwa kitu. Mtoto wa mwaka mmoja ukimfundisha kwamba chakula ni utamu, huo ndio ujuzi wake, hatatafuta mwingine. Kulikuwa na mtoto alilelewa na biskuti za kiwandani na maji mekundu, tangu miezi minane. Mama yake alizionja kwanza, zikawa tamu. Mtoto hakusumbua hata siku moja. Watu walimsifu mama. Kufika miaka mitatu, meno yote ya mbele yameoza mpaka kwenye fizi, analia usiku, na mama anamwambia nyamaza. Kisha mama akaona aibu. Akasema mtoto alianguka. Alisema hivyo kwa kila mtu. Alimwambia hata mtoto. Mama huyo ni mimi."

Kila mtu pale alijua Bibi Onja ana mtoto mmoja tu. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma, na huo ulikuwa uungwana mkubwa kuliko wote alioufanyiwa maishani.

Kiti kikasogea. Fundi Kimya alikuwa amesimama.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Kwa hiyo mimi sikuanguka."

"Hukuanguka."

"Na ile ngazi?"

"Ngazi haikukufanya kitu, mwanangu. Ni mimi."

Fundi Kimya akamweka mtoto begani, akatoka, na mlango akaufunga polepole, jambo lililomuumiza Bibi Onja zaidi kuliko kama angeubamiza.

Mikono ilinyooshwa. Jiko libaki. Dereva wa lori alinyoosha miwili akaambiwa ashushe mmoja. Yule mama asiye na muda alinyoosha wa mwisho, huku akisema atahitaji kufundishwa namna ya kuponda maharage haraka. Bwana Tai akafunga mkoba wake kwa adabu, akaaga. Na Madamu, ambaye kichwa kilikuwa kimeacha kumuuma ghafla, akatangaza kwamba wachanga watalala ofisini kwake, na meza yake itahamia koridoni, upepo umpige yeye.

Basi Bibi Onja alishinda, na hakuwa na wa kushangilia naye.

Jumapili binti hakusema neno. Jumatatu mjukuu aliletwa kituoni na shoga wa binti, na Jumanne vilevile. Nyumbani Fundi Kimya alikula ameelekea ukutani, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Mama naye hakuomba msamaha mara mbili. Alishauomba mara moja, mlangoni, akajibiwa kwa kimya, na alijua kwamba msamaha nao ukiulazimisha unatemwa. Aliamka, akapepeta ulezi, akamenya maharage. Mwiko ulikorogwa taratibu siku hizo, na walezi walisema uji una huzuni, ingawa uji ulikuwa uleule.

Jumatano asubuhi, foleni imefika getini kama kawaida, Bibi Onja akainua kichwa kutoka kwenye sufuria, akamwona binti yake amesimama mbele ya ubao, mtoto kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Siku nne hakuisikia sauti ile. "Marahaba, mwanangu."

"Leo kuna nini?"

"Uji wa ulezi."

"Ndani umetia nini?"

Miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye swali hilo. "Boga," akajibu. "Karanga za kusaga. Maziwa. Basi."

"Nipe kikombe kizima."

Bibi Onja akachota, akasogeza kikombe cha bati juu ya ubao. Fundi Kimya akanywa. Hakuharakisha. Alikunywa amemkazia mama yake macho, mpaka chini kabisa, akageuza kikombe kuonyesha hakuna kitu.

"Hauna utamu," akasema.

"Hauna."

"Una ladha ya boga."

"Si ladha, mwanangu. Ni boga."

"Haya," akasema Fundi Kimya. "Mpe."

Mtoto alikuwa anainama juu ya ubao kuukamata mwiko, ikabidi mama yake amshike kwa mikono miwili asije akatumbukia sufuriani. Bibi Onja akamtia kijiko cha kwanza. Mtoto akakiweka mdomoni, akakitafakari kama hakimu, akavuta pumzi, akampulizia bibi yake uji wote usoni, kope, pua, kidevu, kilemba.

Fundi Kimya akacheka. Alicheka kwa sauti ambayo karakana haijawahi kuisikia, kichwa nyuma, mdomo wazi, mikono yote miwili imemshika mtoto. Wanawake wa foleni wakaliona pengo na yale meno meusi, naye alijua wameyaona, na hakuacha kucheka.

Bibi Onja alimtazama, boga linamchuruzika kwenye nyusi. Hakujifuta.

"Bado mara tisa," akasema, akachota tena.